Mtoto ananikataa, nimwachie tu mama yake? Naombeni ushauri

Mtoa mada
Wakuu, habari za muda huu. Nina mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na miezi minne. Nikimbeba tu, kilio. Juzi usiku nilijaribu kumbembeleza, akanisukuma kifuani kwa viganja vyote viwili mpaka mama yake akaja. Akanyamaza papo hapo. Natoka asubuhi amelala, narudi ameshalala. Nimeanza kujiambia atanihitaji akishakua, nimfundishe mpira. Ila roho inauma. Siku hizi nakasirika ovyo, na usingizi hauji hata nyumba ikiwa kimya. Nakosea wapi?

Baba Pacha
Pole mkuu, yalinikuta. Kosa ni kumchukua mikononi mwa mama yake akiwa tayari analia. Hapo unamnyang'anya. Shika kazi moja iwe yako bila kukosa. Mimi nilishika kuogesha. Wiki ya kwanza walilia wote wawili, nusura niungane nao. Na mama atoke kabisa, asichungulie mlangoni. Akikuokoa kila mara, mtoto anakuona wewe ni wa kupita.

Kigogo59
Vijana mna mambo. Baba zetu hawakutubeba na tumekua. Tafuta pesa.

Dada Mkubwa
@Kigogo59 tumekua, ndiyo. Wangapi tunaweza kukaa na baba dakika kumi bila kutafuta pa kuangalia?

Nesi wa Zamu
Mtoa mada, umri huo kumng'ang'ania mzazi mmoja ni kawaida, wala hakuchukii. Mtoto anaweza kushikamana na zaidi ya mtu mmoja. Anamzoea anayemwitikia, hata kwa nusu saa, mradi iwe kila siku. Kwa hiyo usisubiri huo mpira.

Kilichonishtua ni hasira na usingizi. Watu hudhani sonona ya uzazi, yaani ugonjwa wa huzuni nzito unaompata mzazi kipindi cha mimba au baada ya mtoto kuzaliwa, ni ya mama peke yake. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2010 ulikuta takribani baba 1 kati ya 10 anaipata, kuanzia ujauzito hadi mtoto atimize mwaka. Wanaume wengi hawalii, wanafoka. Na mtoto haachwi nje: utafiti wa Uingereza wa 2005 uliangalia baba waliokuwa na sonona wiki 8 baada ya mtoto kuzaliwa. Watoto wao walipofika miaka mitatu na nusu walikuwa na shida zaidi za hisia na tabia, hata baada ya kuzingatia sonona ya mama. Sisemi unayo. Nenda kwa daktari, mwambie kama ulivyotuandikia hapa.

Mtoa mada
Mrejesho. Jana niliomba kuingia kazini kwa kuchelewa, mama yake akatoka. Kilio kama dakika ishirini. Kisha kwenye beseni akanimwagia maji usoni, akatulia kunitazama nitafanya nini. Nikajimwagia mengine mwenyewe. Akacheka mpaka akapaliwa.

Kwa daktari nakwenda Jumatatu. Leo asubuhi kalia tena, ila mikono hakunyoosha kunisukuma.