Windows 10 na Linux kwenye laptopu moja bila kufuta data, inawezekana? (Kigoma)

Dogo_wa_Bangwe
Habari za jioni wakuu. Nina HP ProBook, i5 kizazi cha 6, RAM 8, SSD ya GB 256, Windows 10. Windows 11 inaikataa, na Microsoft walifunga msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Nataka Linux Mint (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta) kwa intaneti na kazi za kila siku, ila Windows ibaki, maana programu ya mahesabu ya duka haijui kwingine. Fundi mmoja hapa mjini anasema lazima afomati diski yote. Ni kweli? Natumia bando la simu, kwa hiyo sitaki kupakua mara mbili.

KibiriziTek
Si kweli mkuu. Zinakaa diski moja bila shida. Kusakinisha kwenyewe ni kazi ndogo. Watu wanaharibikiwa kwenye maandalizi, hasa haya matatu.

Kwanza nakili data ya duka kwenye diski ya nje. Flashi utakayowekea Mint haihesabiki, itafutwa yote.

Pili, fungua CMD kama administrator, andika `manage-bde -status C:`. Ikisema "Fully Decrypted", endelea. Kama diski imefungwa na BitLocker (kufuli la Windows la kuficha data), ifungue kwa `manage-bde -off C:` na usubiri "Percentage Encrypted" ishuke hadi 0%. Ukiruka hapa kisha ukagusa Secure Boot (kinga ya kuwaka iliyo kwenye BIOS), Windows itakudai ufunguo wa tarakimu 48, na wengi hawajui hata waliuhifadhi wapi.

Tatu, `powercfg /h off`. Fast Startup haizimi Windows kabisa, inailaza. Linux ikiikuta diski katika hali hiyo itakuruhusu kusoma faili za Windows bila kuandika.

Halafu fungua `msinfo32`, angalia "BIOS Mode". Ikiwa UEFI (njia mpya ya kuwasha kompyuta), flashi itengeneze kwa programu ya Rufus, ukichagua GPT na UEFI. Ikiwa Legacy (njia ya zamani), usiendelee, rudi hapa kwanza, mambo yanabadilika.

MamaSeva
Mdogo wangu, kwa nini usiweke VirtualBox tu, uendeshe Linux ndani ya Windows? Hugusi patisheni (vipande vya diski) hata moja.

KibiriziTek
Dada, kwa kujifunzia ningemwambia hivyohivyo. Lakini yeye anataka kuingia intaneti nje ya Windows 10. Ndani ya VirtualBox, Windows 10 bado ndiyo iko chini na bado iko mtandaoni. Na RAM 8 ukizigawa, pande zote mbili zinakuwa nzito.

Reli_ya_Kati
Kwa kuwa ni bando: ISO (faili la usakinishaji) ya Mint 22 ni karibu GB 3. Ikimaliza kushuka, kabla ya kugusa Rufus, andika `certutil -hashfile` likifuatiwa na jina la faili na neno SHA256, ulinganishe na namba iliyo kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, faili lina kasoro. Makosa mengi ya ajabu katikati ya usakinishaji chanzo chake ni hicho, sio laptopu.

Na umeme wa kukatika usiuchezee. Betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Betri iliyochoka ya dakika kumi usipunguzie patisheni, umeme ukikata katikati unaweza kupoteza upande wa Windows wote.

Dogo_wa_Bangwe
Shukrani wakuu. BitLocker haipo, ni UEFI. Tatizo: nikitaka kuipunguza C ili Mint ipate nafasi, Disk Management ya Windows inaniruhusu MB 11,000 tu, wakati C ina GB 120 wazi.

Fundi_Kasulu
Kuna faili zisizohamishika zimekaa katikati ya diski, na Windows haipunguzi kuvuka hapo. Faili la kulaza mashine umeshaliondoa kwa powercfg. Zilizobaki ni pagefile (faili la kusaidia RAM) na restore points (nakala za kurudishia Windows nyuma). Zima System Protection ya C, weka pagefile kwenye "No paging file", washa upya, jaribu tena. Ukishapunguza, rudisha vyote viwili.

Punguza MB 61440, yaani GB 60. Sehemu hiyo iache "Unallocated", usiifomati ndani ya Windows. Na kazi hii ya kupunguza C ifanyie Windows yenyewe, usimwachie kisakinishi cha Linux.

Kuwasha flashi kwenye HP: bonyeza F9 mfululizo mara tu unapowasha. Ukifika Mint, ijaribu kwanza bila kusakinisha: Wi-Fi, sauti, mwanga wa skrini. Wi-Fi ikigoma, unganisha simu kwa waya, washa USB tethering, utapata mtandao wa kushushia draiva.

Kwenye ukurasa wa diski, "Erase disk" ndiyo hiyo ya fundi wako, usiiguse. "Install alongside" inafanya kazi, ila mimi napenda "Something else" kwa sababu unaona kila kinachotokea. Chagua free space ya GB 60, bonyeza alama ya kujumlisha, chagua aina ya ext4, na mount point weka `/`. Swap (nafasi ya kusaidia RAM) usihangaike nayo, Mint inajitengenezea faili lake. Ile patisheni ndogo ya EFI, mara nyingi MB 100, usiifomati. Ndimo Windows inamoanzia kuwaka. Mint itaongeza folda yake humo pembeni, haifiki hata MB 10.

Dogo_wa_Bangwe
Imekubali, zote zipo! Ila ikiwaka inaenda Windows moja kwa moja, Mint naipata kwa F9 tu. Na saa ya Windows imerudi nyuma saa tatu.

Fundi_Kasulu
Saa: Linux inaandika kwenye ubao mkuu wa laptopu saa ya UTC (saa ya dunia), Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko UTC+3. Ukiwa Mint andika `timedatectl set-local-rtc 1`, kisha rekebisha saa ya Windows mara moja.

Kuwaka: ukiwa Mint andika `sudo efibootmgr`, uone orodha ya mifumo inayowaka. Mint itaonekana kwa jina "ubuntu", usishangae. Tuseme namba yake ni 0003 na ya Windows ni 0000: `sudo efibootmgr -o 0003,0000`. HP nyingine hupuuza hilo. Basi ingia BIOS kwa F10, kwenye Boot Order, fungua "OS Boot Manager" upandishe ubuntu juu.

Menyu ya kuchagua mfumo ikija bila Windows ndani yake, kwenye `/etc/default/grub` weka mstari `GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false`, kisha `sudo update-grub`. Sasisho kubwa la Windows likija kupindua mpangilio tena, ni hiyo amri ya efibootmgr tu, usikubali mtu akupigie Window upya.