Tupeane uzoefu: Gemu ndefu za kujenga himaya angani, hamu hukuishia wapi?

#1
Habari za jioni wakuu. Uzi huu ni wa wapenzi wa gemu za mikakati za angani, zile za kuanza na sayari moja hadi utawale galaksi. Nataka tuambiane ukweli: huwa unazimaliza? Kama huzimalizi, hamu hukuishia wapi hasa?

Yangu ni Stellaris. Inaanza mwaka 2200 ukiwa na meli moja ya utafiti, moja ya ujenzi na vimeli vitatu vya vita. Miaka ile ya mwanzo hakuna kinachoninyanyua kwenye kiti. Unatuma meli ya utafiti kwenye nyota usiyoijua, inakuta magofu ya watu waliokufa zamani, au kiumbe cha angani ambacho hujui kitakuacha upite au la. Madini ni kidogo, ukijenga kituo huku basi kule umepakosa, na jirani naye anapataka.

Kisha mipaka inajaa. Unafungua ukurasa wa jirani pale wanapolinganisha nguvu za majeshi, unakuta wote wanaokuzunguka ni wanyonge kwako. Hamu yangu hukatikia hapo hapo. Mshindi ameshajulikana, lakini kwa mpangilio wa kawaida lile janga kuu la mwisho, adui mkubwa anayeishambulia galaksi nzima, haliji kabla ya 2400, na gemu inafunga hesabu ya ushindi 2500. Hapo katikati kazi ni kuzunguka sayari moja moja: hii ina watu hawana ajira, ile nyumba hazitoshi, nyingine inasubiri jengo. Naipenda sana gemu hii, na inaniuma kuiacha njiani. Karibuni.

#2
Umenena mkuu. Kwangu inayokata hamu ni kompyuta. Gemu inapiga hesabu ya wakazi wa galaksi nzima, nani anafanya kazi gani na wapi, na kadiri wanavyoongezeka ndivyo inavyoelemewa. Mwanzoni mwezi unapita kufumba na kufumbua. Baadaye tarehe inajikokota hata ukiweka kasi ya juu kabisa, feni inavuma, mashine inachemka. Toleo la 4.0 la Stellaris, la Mei 2025, liliwaweka wakazi kwenye makundi badala ya kumshughulikia kila mmoja peke yake, kwa hiyo waundaji wenyewe wanajua shida iko wapi.

Ninachofanya ni kupunguza ukubwa tangu mwanzo. Chagua galaksi ya nyota 200, achana na ya 1000, halafu shusha na idadi ya sayari zinazokalika. Wakazi wanakuwa wachache na mnagusana na majirani mapema, vita haikawii.

#3
Niko Doha, kazi yangu ni ya zamu. Mimi siachi kwa sababu nimeshashinda, naachishwa na kukatizwa. Ratiba ikibadilika napitisha wiki kadhaa bila kuifungua, na nikirudi siielewi himaya yangu mwenyewe. Kikosi nimekiegesha mpakani, kilikuwa kinamsubiri nani? Madini yamerundikana, nilikuwa nayawekea mradi gani? Hapo unajikuta unaanzisha mchezo mpya, kwa kuwa mpya hauna cha kukumbuka.

Siku hizi kabla sijazima naandika kwenye daftari. Ukurasa wa juzi unasomeka hivi: “Usimguse wa kaskazini kabla ya 2340. Mkataba na wa mashariki unakaribia kuisha, uongeze. Kikosi cha pili kinasubiri injini mpya.” Nikisoma hivyo nakaa na kuendelea palepale. Tangu nianze kuandika nimezifikisha mwisho gemu ambazo zamani ningezifuta.

#4
Wanangu, nami niongeze la zamani. Master of Orion ile ya kwanza, ya mwaka 1993, ilishalitatua hili. Galaksi ikishakaliwa sehemu kubwa, Baraza Kuu la himaya zote linaitishwa na kila himaya inapiga kura kwa wingi wa watu wake. Wagombea ni wawili, wale wakubwa kuliko wote. Anayepata theluthi mbili ya kura ametawala, mchezo umekwisha. Akichaguliwa mpinzani wako una hiari ya kukataa, ila hapo unapigana na waliobaki wote.

Uzuri wake ni kwamba nguvu zako zikishakuwa wazi, gemu inakubali. Kijiweni kwenye drafti aliyezidiwa anasalimu amri, kete zinapangwa upya. Gemu nyingi za leo kompyuta haisalimu amri hata ikibakiwa na sayari tatu, na wewe unalazimika kuzifuata moja baada ya nyingine na meli za kubeba askari. Hiyo saa nzima ya kufukuzana na aliyekwisha shindwa ndiyo inayoua mapenzi. Na tena lile baraza lilikufanya ujali urafiki. Ukiwapiga wote njiani, siku ya kura nani atakuchagua?

#5
Mimi niko Mombasa, na nitawapinga kidogo kaka zangu. Sioni hasara kuacha. Mimi huunda viumbe wangu mwenyewe, nawapa tabia, imani na aina ya utawala, kisha nataka nione wakikutana na wageni mara ya kwanza watafanyaje. Wale wapenda amani wangu walizungukwa na himaya mbili zinazomiliki watumwa, wakajifunza vita kwa lazima. Walipovuka lile, hadithi yao kwangu ilikuwa imetimia, na mwaka haukuwa umefika hata 2300. Kwani nani alisema lazima nisubiri ubao wa matokeo?

#6
Dada yangu nakuelewa, lakini kuna mtu humu ameshakutana na lile janga la mwisho? Nataka kujua kama linastahili kusubiriwa.

#7
Mimi. Walikuja Prethoryn, viumbe wanaotoka nje ya galaksi. Kwanza unapata ishara kutoka mbali, miaka inapita, kisha wanatua ukingoni na kuanza kula sayari. Ramani niliyokuwa nimeizoea ilianza kubadilika rangi kutoka kando. Jirani niliyemdharau muda wote ndiye aliyekuwa ukuta wangu, ikabidi nimpelekee meli nimsaidie asianguke. Linastahili, mkuu, lakini kungoja karne nzima ndiko kunakochosha.

Kwenye mipangilio kabla ya kuanza, vuta nyuma mwaka wa kuanza kipindi cha kati na wa kipindi cha mwisho, halafu panua nguvu ya janga. Inaweza kupanda hadi mara 25, ila anza na mbili au tatu. Ukichanganya na nyota 200 za mkuu #2, linakukuta bado mnyonge, na hutakuwa na muda wa kuhesabu nyumba.

#1
Nimekuelewa. Nimeanza nyingine usiku huu: nyota 200, nguvu ya janga mara tatu, na daftari liko hapa mezani. Wengine endeleeni kuleta, hasa mliocheza Endless Space 2 na Sins of a Solar Empire. Huko nako hamu hukatikia wapi?