Naomba ushauri: konokono wamejaa kwenye tangi la samaki wa mapambo

Habari zenu wakuu. Nina tangi la kioo la lita 80, nimefuga samaki wadogo aina ya gapi na uduvi wadogo wekundu. Miezi mitatu iliyopita nilichota majani ya majini pembezoni mwa ziwa hapa Mwanza, nikayasuuza kwa maji ya bomba tu, nikayatumbukiza. Kosa langu hilo, nakiri.

Sasa kila asubuhi kioo kimejaa konokono. Wapo wa aina mbili: wenye gamba bapa la mviringo, wanaotaga mayai ya utelezi chini ya majani, na wenye gamba refu lenye ncha. Hawa wa pili mchana wanajizika mchangani, taa ikizimwa wanatoka jeshi zima. Tena hawatagi, wanazaa.

Nimewaokota kwa mkono mpaka nimechoka (wao hawachoki). Usiku naweka kipande cha tango, asubuhi nakitoa wakiwa wamekigandia. Siku moja nilipata 40 hivi. Chakula cha samaki nacho nimepunguza, maana nilikuwa nazidisha.

Muuzaji mmoja amenishauri dawa yenye shaba. Naogopa, shaba inaua uduvi, na konokono wakifa kwa mpigo maji yataoza.

Hawa bapa ndio wananitisha zaidi. Wanafanana na wale wanaobeba kichocho, na mimi natumbukiza mkono humo kila wiki! Je, nimwage vyote nianze upya, au kuna samaki mla konokono asiyegusa uduvi? Na mchanga, nikiuchemsha inatosha?