Kahawa ya vihamba: kampuni zilipie picha za setilaiti au zilipe watu wa kutembea shambani?

Mnunuzi, Arusha
Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya 2023 inakataa kahawa iliyolimwa kwenye msitu uliokatwa baada ya 31 Desemba 2020. Kampuni kubwa haiwezi kutuma watu kila kihamba (shamba dogo la familia Mlima Kilimanjaro, kahawa chini ya migomba na miti) kuanzia Rombo hadi Machame. Mimi nasema inunue picha kali, programu ichambue, basi. Anayepinga alete hoja.

Mpima, Moshi
Napinga, mkuu. Picha za setilaiti za Ulaya za Sentinel-2 ni za bure, setilaiti mbili zikipokezana zinapita kila siku 5, pikseli (kila kijiraba cha picha) ni mita 10 kwa 10. Kwa miwa ya kampuni ya sukari ya TPC hapo chini hiyo ni mali: hekta moja ina pikseli 100, mahali maji hayafiki utapaona. Kihamba cha nusu ekari kina pikseli kama 20, na zaidi ya nusu ziko mpakani, zimebeba migomba ya jirani na kipande cha njia. Ukilipia picha kali zaidi utauona mgrevilea, mti wa kivuli, vizuri zaidi. Mibuni iko chini yake!

Shida kubwa ni hapo. Kwa kanuni yenyewe kihamba si msitu, maana ardhi ya kilimo mseto imetolewa. Programu haijui hilo, inaona kijani kizito. Mzee akipunguza miti ya kivuli mwaka 2022 ili mibuni ipate jua, kwenye kompyuta anasomeka amefyeka msitu.

Mnunuzi, Arusha
Masika je? Machi hadi Mei mlima umefunikwa, hizo picha za bure ni mawingu matupu.

Mpima, Moshi
Za kulipia nazo zinapigwa juu ya mawingu yaleyale. Radari ya setilaiti ya Sentinel-1 inapenya mawingu, nayo ni bure, ila kwenye miteremko na makorongo picha yake inapinda na kuacha vivuli. Msitu haukatwi ukarudi kwa miezi mitatu. Linganisha kiangazi na kiangazi.

Afisa ugani, Moshi
Ndugu zangu, mnagombania anga wakati makosa yako kwenye daftari. Kuna matatu yanayojirudia. Karani akisahau alama ya kutoa kwenye latitudo, kihamba cha Kibosho kinahamia Marsabit, Kenya. Akigeuza latitudo na longitudo, kinatua kusini mwa Uhispania, upande wa Granada (huko nako kuna mlima wenye theluji, lakini si wetu). Na akinakili kutoka ramani ya zamani yenye mfumo wa vipimo wa Arc 1960 bila kubadilisha kwenda WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, kinasogea karibu mita 300. Ukiwa mpakani na hifadhi, hizo zinatosha kukuingiza msituni.

Kanuni inataka desimali 6 kwenye latitudo na longitudo. Ukiacha 3 tu, kosa linaweza kuzidi mita 50. Chini ya migomba GPS ya simu nayo inacheza. Simama palipo wazi, subiri usomaji utulie, ndipo uhifadhi.

Mnunuzi, Arusha
Sawa, lakini poligoni (michoro ya mipaka ya shamba) za maelfu ya wakulima nani atazitembea?

Afisa ugani, Moshi
Poligoni ni kwa shamba linalozidi hekta 4. Kihamba ni pointi moja tu, dada. Siku ya kupeleka kahawa chama cha msingi cha ushirika, karani anapanga zamu za kwenda kuzichukua pointi hizo shambani. Bei ya hizo picha kali ilipe nauli ya karani huyo.