Naombeni ushauri: mteja anaingia dukani na bastola kiunoni, nibandike kibao gani? (Texas)

Duka la Kona
Wakuu, habari za majukumu. Nina duka dogo la vyakula Houston, kwenye msururu wa maduka yenye maegesho ya pamoja. Kuna mteja anakuja jioni na bastola kiunoni, inaonekana kabisa. Hamtishii mtu, ananunua, analipa, anaondoka. Shida ni wateja wengine, hasa kina mama wenye watoto, wakimwona wanageuzia mlangoni. Nimebandika kile kibandiko cha picha ya bastola iliyokatwa na mstari mwekundu, lakini anakipita kama hakipo. Usingizi umeniisha. Kibao kipi kina nguvu kisheria, na nikimwambia atoke akakataa nafanyaje? Nawasilisha.

Kitasa
Mkuu, picha peke yake haimfungi mwenye leseni. Texas ina vibao vitatu kwenye sheria yake ya makosa ya jinai, na kila kimoja kina mtu wake.

Tangu 1 Septemba 2021, muswada HB 1927 ulipoanza kutumika, mtu wa miaka 21 na zaidi ambaye hajazuiwa na sheria anaweza kubeba bastola bila leseni. Akiibeba wazi lazima iwe ndani ya ala, yaani mfuko wake. Leseni za DPS (Idara ya Usalama wa Umma ya Texas) hazikufutwa, kwa hiyo mlangoni kwako wanapita watu wa aina mbili. Kibao cha kifungu 30.05 kinamzuia asiye na leseni, abebe wazi au kwa kuficha. Cha 30.06 ni cha mwenye leseni anayeficha. Cha 30.07 ni cha mwenye leseni anayebeba wazi. Ukiweka 30.07 pekee, yule asiye na leseni anaingia nayo kiunoni na hujamzuia. Wengi wanakosea hapo.

Maandishi: Kiingereza na Kihispania, herufi kubwa zenye urefu usiopungua inchi moja, rangi zinazopingana. Maneno ya 30.06 na 30.07 yawe yaleyale ya sheria, usifupishe wala usiongeze lako. Kwa 30.05 sheria inakubali maneno yanayokaribiana sana. Inchi moja kwa lugha mbili inakula nafasi kubwa, kwa hiyo pima kioo kabla ya kuagiza. Herufi nyeupe juu ya kioo kitupu hupotea taa za ndani zikiwaka, weka karatasi nyeusi nyuma yake. Bandika kila mlango wa kuingilia, hata wa pembeni ambao wateja wachache wanautumia.

Akiingia nayo licha ya kibao ni kosa la daraja C, faini isiyozidi dola 200. Ukimwambia kwa mdomo atoke naye akagoma, linapanda hadi daraja A: jela hadi mwaka mmoja, faini hadi dola 4,000. Kwa hiyo mdomo wako una nguvu kuliko kibao. Mwambie mbele ya kamera, maneno machache: bastola hairuhusiwi humu, tafadhali iache kwenye gari ndipo urudi. Usimguse, usizibe mlango. Akigoma, piga 911, eleza mavazi yake na silaha iko wapi mwilini, na useme ukweli kama ametishia au hajatishia.

Msafiri wa I-45
Kuna njia ya tatu ambayo maduka makubwa yanaitumia. Baada ya mauaji ya El Paso ya 3 Agosti 2019, Walmart ilitangaza 3 Septemba mwaka huo kwamba inawaomba wateja wasibebe silaha wazi ndani ya maduka yake, na Kroger ikafanya hivyo siku hiyohiyo. Wanaobeba kwa kuficha Walmart haikuwagusa. Starbucks ilishaomba mwaka 2013, Target 2014. Neno ni "tunaomba". Faida yake ni kwamba karani halazimiki kugombana na kila mtu mlangoni, meneja ndiye anaamua nani wa kuzungumza naye. Hasara ni kwamba ombi si katazo: mpaka mtu aambiwe atoke, hana kosa.

Mama Halima
Jamani, kabla ya 911 mtu anaongea na mwenzake. Huyo ni mteja, analipa, hajamtukana mtu. Mwite pembeni siku duka halina watu, mwambie kwa heshima kwamba watoto wanaogopa. Mkianza na polisi mnaweza kumaliza na risasi, na anayekaa kaunta ndiye wa kwanza kuumia.

Duka la Kona
Asanteni sana, dada Mama Halima nimekuelewa, na Kitasa ubarikiwe. Swali dogo tu: nikibandika hivyo vitatu, vinamzuia na mtu wetu wa dukani? Yaani kama duka lina silaha yake.

Kitasa
Hiyo ndiyo habari kubwa na umeiweka kwenye swali dogo. Vibao ni taarifa ya mwenye eneo kwa watu wasio na idhini yake. Wewe mwenye duka kubeba ndani ya eneo lako hakukatazwi, na mfanyakazi uliyempa idhini vibao havimhusu. Lakini ukimpa mfanyakazi kazi ya ulinzi wenye silaha, hasa akivaa nguo yenye neno la ulinzi, unaingia kwenye sheria ya walinzi binafsi, inayotaka kibali cha mlinzi mwenye silaha kutoka DPS. Silaha ni ya nani, inakaa wapi, na nani anaifikia?

Duka la Kona
Ni ya kwangu. Iko chini ya kaunta, kwenye droo. Mimi mchana, jioni anakaa kijana wetu. Ni kwa usalama wake tu, hajawahi kuigusa. Tusitoke kwenye vibao wakuu.

Bima Kwanza
Tutoke kidogo. Soma bima yako ya dhima leo. Nyingi za maduka madogo zina kipengele kinachoondoa madai yatokanayo na shambulio na ugomvi, nyingine zinaondoa silaha moja kwa moja. Maana yake kijana akifyatua akampata mpita njia, kampuni haikulipii hata wakili. Mwandikie wakala wako barua pepe: je, bima yangu inalipia madai ya silaha ya mfanyakazi, ndiyo au hapana? Jibu la simu halitakusaidia. Pia Texas hailazimishi mwajiri binafsi kuwa na bima ya fidia kwa wafanyakazi, kwa hiyo kijana akijipiga risasi ya mguu na huna bima hiyo, anakushtaki moja kwa moja.

Na droo! Kama watoto wa chini ya miaka 17 wanapita nyuma ya kaunta, Texas ina kosa la kuiacha silaha iliyojazwa mahali mtoto anaweza kuifikia, naye akaifikia.

Tafakari
Mleta uzi, "kijana wetu" ana hati gani hapa Marekani? Raia, grini kadi, au viza?

Duka la Kona
Hilo linahusianaje na mlango?

Tafakari
Linahusiana kuliko mlango. Jibu.

Duka la Kona
Ni mpwa wangu, mtoto wa dada. Yuko na F-1, viza ya mwanafunzi, anasoma. Ananisaidia jioni. Kabla hamjanirukia: tuliuliza. Mwanafunzi mwenye leseni ya kuwinda anaruhusiwa kuwa na silaha, na leseni anayo, ya Texas, halali. Kwa hiyo upande huo tumeshaumaliza.

Kitasa
Hamjaumaliza, na naomba usome hili polepole.

Kifungu 922(g)(5) cha sheria ya shirikisho kina sehemu mbili. Sehemu B inamkataza mtu mwenye viza ya muda kuwa na silaha au risasi, na hapo ndipo leseni ya kuwinda inaponya, maana sheria imeiweka kama msamaha. Leseni ya mwaka ya Texas inaisha 31 Agosti hata kama uliinunua Julai, na ikiisha msamaha umekwisha usiku huohuo. Hadi hapo mliuliza vizuri.

Sehemu A inamkataza aliyeko nchini kinyume cha sheria, nayo haina msamaha wa leseni ya kuwinda. Kanuni za ATF, idara ya shirikisho inayosimamia silaha, 27 CFR 478.11, zinamhesabu humo pia mwenye viza aliyevunja masharti ya viza yake. F-1 anaruhusiwa kazi ya ndani ya chuo, hadi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nje ya chuo anahitaji kibali: mafunzo yanayohusiana na fani yake, au ruhusa ya shida ya kiuchumi baada ya mwaka wa kwanza. Kukaa kaunta kwa mjomba jioni bila kibali ni kuvunja masharti. Kazi yenyewe ndiyo inayoua ile leseni.

Adhabu ya 922(g) tangu Juni 2022 ni hadi miaka 15, na kosa la silaha ni sababu ya kumfukuza nchini. Wewe unayempa, 922(d) inakuhusu, kiwango kilekile. Na usiseme hajaigusa. Sheria haiangalii vidole tu. Mwenye uwezo na nia ya kuifikia anahesabiwa anayo, na ninyi mmeiweka kwa ajili yake.

Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, kwenye kesi ya Rehaif, mwanafunzi wa F-1 aliyekwenda kulenga shabaha Florida baada ya kuondolewa chuoni, ilisema serikali lazima ithibitishe mtu alijua hadhi yake. Wengi wanaichukua kama kinga. Ninyi mmeshaulizia na kununua leseni, kwa hiyo kusema hamkujua kutakuwa kugumu.

Pilipili Hoho
Wakuu, mnapigwa kamba. Hii chai imekolea tangawizi. Uzi umeanza na mteja, ukaja "mtu wetu", ukaja "kijana wetu", sasa mpwa wa F-1 mwenye leseni ya kuwinda. Nani ananunua leseni ya kuwinda na kazi yake ni kuuza unga? Na kama bastola ni ya mjomba, leseni ya mpwa ni ya nini? Mtu anatunga ili Kitasa aandike kurasa.

Msafiri wa I-45
Leseni siyo ajabu. Muuza silaha akipata mnunuzi mwenye viza ya muda lazima aone ushahidi wa msamaha kabla ya kumuuzia, na unaopatikana kirahisi ni leseni ya kuwinda. Lakini swali la pili la Pilipili ni zuri. Mleta uzi, lijibu.

Mama Halima
Hata kama ni hadithi, kuna mtu anasoma kimya na ana mpwa wa kweli kaunta. Endeleeni. Ila mleta uzi, ukinyamaza hapa tutajua.

Duka la Kona
Sijatunga kitu. Mpwa ndiye aliyetaka bastola baada ya duka la jirani kuvamiwa. Alikwenda kununua, muuzaji akasita na hati zake. Mimi nina grini kadi, nikaenda duka jingine nikanunua kwa jina langu. Hela alitoa yeye. Ni familia, mjomba na mpwa, hela ni ileile. Na duka likivamiwa kesho, mtamlilia ninyi?

Pilipili Hoho
Naondoa neno chai.

Kitasa
Fomu 4473, ile ya kununulia silaha uliyosaini dukani, ina swali: je, wewe ndiye mnunuzi halisi? Kwa hela ya mpwa na bastola ya kukaa kwa mpwa, "ndiyo" yako ina shida. Undugu hausaidii. Kwenye kesi ya Abramski, 2014, mtu alimnunulia mjomba wake bastola kwa hela ya mjomba, na mjomba aliruhusiwa kabisa kumiliki silaha. Mahakama ya Juu bado ikasema jibu lake kwenye fomu lilikuwa kosa. Wako hata haruhusiwi, na sheria ya Juni 2022 imeweka kosa la pekee la kumnunulia asiyeruhusiwa, hadi miaka 15.

Duka la Kona
Basi naiuza kwa rafiki yangu kesho, iishe.

Kitasa
Usiiuze, usiirudishe dukani ilikonunuliwa, usiitupe, wala usifute kitu kwenye simu. Kosa la zamani linabaki, na hapo unaongeza la kuharibu ushahidi. Leo wewe mwenyewe itoe droo, toa risasi, ifungie kwenye sefu nyumbani kwako, namba usimpe mtu. Kama mpwa anaishi kwako, muulize wakili ihifadhiwe wapi, maana nyumba moja inarudisha swali la nani anaifikia. Mpwa asikae kaunta tena, hata bila bastola. Afisa wa shirikisho akibisha hodi, sema utaongea ukiwa na wakili. Uongo kwa afisa ni kosa jingine, hadi miaka 5. Na acha kuandika hapa kuhusu ununuzi.

Bima Kwanza
Kuhusu uvamizi, OSHA, idara ya shirikisho ya usalama kazini, ina mwongozo kwa maduka ya usiku: hela kidogo kwenye droo, sefu ya kudumbukiza ambayo mfanyakazi hawezi kuifungua, tangazo mlangoni linalosema hivyo, taa kali nje, na kioo kisichozibwa na mabango ili barabarani waone kaunta. Vile vibao vitatu viweke pembeni ya kioo, visizibe kaunta.

Duka la Kona
Nimeitoa. Kuanzia kesho nafunga giza likiingia. Wakili nianze na wa uhamiaji au wa jinai? Nataka atusimamie wote wawili.

Tafakari
Wa jinai anayefanya kesi za shirikisho kwanza, naye aongee na wa uhamiaji kabla mpwa hajasaini chochote. Na kila mtu awe na wake. Linaloweza kumwokoa mpwa ni kusema bastola ilikuwa ya mjomba, na linaloweza kukuokoa wewe ni kusema aliitaka yeye. Wakili mmoja hawezi kusema yote mawili.