Ushauri: Usimbaji fiche kwenye kifaa chenye kumbukumbu ya kilobaiti 20

Mwanzisha uzi:
Wakuu, habari za kazi. Ninatengeneza vifaa vya kupima kina cha maji kwenye matangi, ambavyo hutuma kipimo kila baada ya dakika tano kupitia modemu ya simu. Chipu ni STM32F103, yenye flashi (hifadhi isiyopotea umeme ukikatika) ya kilobaiti 64 na kumbukumbu ya kilobaiti 20 tu. TLS, itifaki ya kulinda mawasiliano ya mtandao, ilinishinda, kwa kuwa rekodi moja yake inaweza kufikia kilobaiti 16, na bafa (nafasi ya muda) ya kuipokea ilimeza karibu kumbukumbu yote. Kwa hiyo ninatumia AES-GCM, njia ya kuficha ujumbe na kuthibitisha kuwa haujaghushiwa, na nonsi (namba isiyopaswa kurudiwa, inayoambatana na kila ujumbe) ninaipata kwenye kaunta inayoanzia sifuri kila kifaa kinapowashwa. Je, nihamie Ascon, njia nyepesi ya usimbaji ambayo NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliichagua mwaka 2023?

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hamia. Chipu yako haina kitengo cha AES ndani yake, nayo Ascon, iliyozaliwa Graz nchini Austria, huhifadhi hali yake yote katika biti 320, yaani baiti 40. Kiwango rasmi kilitoka Agosti 2025.

Mchangiaji wa pili:
Ndugu yangu, kabla ya kuhama, tafadhali rudia kusoma sentensi yako kuhusu kaunta, kwa sababu hapo ndipo penye hatari. Leo kifaa kimetuma kifurushi namba 7. Kesho betri inabadilishwa, kaunta inarudi sifuri, na kifurushi kingine namba 7 kinatoka kwa ufunguo uleule. Aliyenasa vyote viwili akivijumlisha kwa XOR (kulinganisha biti kwa biti), mkondo wa usimbaji, yaani biti zilizochanganywa na ujumbe ili kuuficha, unajifuta wenyewe na inabaki tofauti kati ya vipimo viwili. Baya zaidi, katika GCM marudio hayo yanafichua ufunguo wa uthibitisho, na mtu huyo ataweza kughushi ujumbe kwamba tangi limejaa ilhali watu hawana maji. Ascon nayo inakataza nonsi kurudiwa chini ya ufunguo mmoja, kwa hiyo kuhama peke yake hakutakuponya.

Dawa ni kuweka akiba ya namba. Kifaa kinapowaka, kisome kikomo kilichoandikwa kwenye flashi, kiandike kikomo kipya kilichoongezwa 1,000, ndipo kianze kutumia namba zilizo kati ya vikomo hivyo viwili. Umeme ukikatika, zilizobaki zinatupwa. Kila kifaa pia kiwe na ufunguo wake, maana kaunta mbili zenye ufunguo mmoja zitagongana tu.

Mwanzisha uzi:
Nashukuru sana, mkuu. Sikuwahi kuliona hivyo. Wasiwasi wangu ni flashi, ambayo mtengenezaji anaidhamini kwa kufutwa mara 10,000.

Mchangiaji wa pili:
Piga hesabu: unatuma mara 288 kwa siku, basi namba 1,000 zinakutosha siku tatu na nusu hivi. Usifute ukurasa (sehemu ya flashi inayofutwa kwa pamoja) kila mara. Ongeza rekodi mpya ya kikomo, ya baiti 8, chini ya ile iliyotangulia. Ukurasa wa kilobaiti 1 unabeba rekodi 128, hivyo kifaa kisichozimikazimika kitafuta ukurasa mara moja katika muda unaozidi mwaka. Tenga kurasa mbili za kupokezana, ili umeme ukikatika katikati ya kufuta, kikomo cha mwisho kiwe salama kwenye ule mwingine. Na kila rekodi ibebe namba ya ukaguzi ya kugundua makosa, isomwe tena baada ya kuandikwa, kabla kifurushi cha kwanza hakijatoka.