Besimenti ya mwaka 1972: nageuzaje chumba cha wageni kwa dola 1,500?

Mpangaji_Mstaafu

Wakuu habari zenu. Tuna nyumba Columbus, Ohio, ilijengwa 1972. Kwenye besimenti (ghorofa iliyo chini ya ardhi) kuna chumba cha futi 12 kwa 14, kimo futi 7. Kuta tatu zina zile paneli za mbao za kahawia zenye mifereji, ukuta wa nne (wa futi 14) ni bloku zilizopakwa rangi, na karibu na sakafu zinatoa unga mweupe kama chumvi. Dari ni ya vigae vya futi 2 kwa 4 vilivyolala kwenye fremu ya chuma, vingine vina madoa. Nimefunua zulia kwenye kona nikakuta vigae vidogo vya inchi 9 kwa 9. Dirisha ni moja, dogo, limebanana na dari. Taa ni mirija ya fluoreseni.

Mama mkwe anakuja Novemba na atakaa mpaka machipuo. Nimepanga kung'oa zulia na vigae, kupaka paneli rangi nyeupe, kuweka sakafu mpya na taa. Kazi nafanya mwenyewe. Rangi gani inashika kwenye paneli hizi, na nianze na kipi?

NyundoNaMsasa

Mkuu, hivyo vigae vya 9 kwa 9 usiviguse kwanza. Kwa nyumba ya 1972, vigae vya ukubwa huo pamoja na gundi nyeusi iliyo chini yake huwa na asbestosi (madini ya nyuzinyuzi yanayoharibu mapafu) mara nyingi sana. Vikiwa vizima na vimefunikwa havimdhuru mtu. Vinadhuru vinapovunjwa, kukwanguliwa au kupigwa msasa, kwa sababu nyuzi zinaingia hewani na tanuri la nyumba (mashine ya kupasha hewa ya nyumba joto) linazisambaza mpaka juu. Peleka sampuli mbili maabara, moja ya kigae na moja ya gundi. Tumia kipande ambacho tayari kimepasuka, kinyunyizie maji yenye sabuni kabla ya kukigusa, kisha kifunge kwenye mifuko miwili.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawauoni. Zulia lako limeshikwa pembeni na vijiti vyembamba vyenye misumari inayotazama juu, na vijiti hivyo vimepigiliwa kupitia vigae hadi kwenye zege. Ukiving'oa, vigae vya pembeni vinapasuka vyote. Kwa hiyo majibu ya maabara yatangulie, zulia lifuate. Yakija na asbestosi, kazi ya pembeni mpe kampuni yenye leseni, vigae vya katikati viache vilivyo na sakafu mpya ilale juu yake.

Sasa unga mweupe. Hiyo ni chumvi ya saruji inayoletwa na maji yanayopita kwenye bloku. Kuna watu watakwambia upake rangi ya kuzuia maji upande wa ndani. Rangi hiyo inafaa kwa unyevu mdogo tu. Maji yakisukuma kutoka nyuma, itavimba na kubanduka kama ngozi iliyoungua. Anzia nje. Safisha gata (mifereji ya maji ya paa), kisha ongeza mabomba ya kushushia maji ya mvua yamwage angalau futi 6 kutoka ukutani. Udongo unaozunguka nyumba uteremke inchi 6 katika futi 10 za kwanza. Hiyo ni kazi ya wikiendi na dola chache, nayo ndiyo huponya besimenti nyingi zinazosemwa zinavuja.

Kujua kama unyevu unatoka sakafuni au hewani, bandika sakafuni kipande cha plastiki cha futi 2 kwa 2 kwa teipu pande zote nne, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chini, maji yanapanda kutoka kwenye zege. Yakiwa upande wa juu, ni hewa ya chumba, na mashine ya kukausha hewa inatosha. Fanya kipimo hiki sasa kungali joto. Januari hewa ya Ohio ni kavu, utapata jibu zuri la uongo.

Bi_Saida_Dayton

Kuhusu paneli, rangi yoyote ya maji ya ndani itashika. Kinachoamua ni praima, yaani rangi ya chini inayotangulia. Rangi ya mbao hizi hupenya rangi nyeupe na kutoa madoa ya njano baada ya wiki chache, hata ukipaka mikono mitatu. Kinachozuia ni praima ya shelaki. Kuta zako tatu zenye paneli ni kama futi za mraba 266, galoni moja inatosha.

Lakini sikiliza: shelaki imechanganywa na spiriti, na mvuke wake unawaka. Kama boila ya maji moto au tanuri ni la gesi na liko upande wa pili wa ukuta, lizime kabisa, pamoja na kile kimoto kidogo kinachowaka muda wote, fungua dirisha na uweke feni inayotoa hewa nje. Usiwashe tena mpaka harufu iishe.

Kabla ya praima, osha paneli kwa sabuni ya kukata mafuta. Nyumba za miaka ile zilipigwa polishi ya fanicha kwa miaka mingi na hakuna praima inayoshika juu ya nta. Suuza, acha ikauke, kisha pitisha msasa namba 150 kwa wepesi. Paneli nyingi za bei nafuu ni karatasi iliyochapishwa picha ya mbao, ukikazana utaichana. Mifereji ianze kwa brashi, halafu rola ya manyoya ya inchi 3/8.

Usijaze mifereji kwa puti. Paneli ni nyembamba na inacheza, msimu mmoja wa baridi utakuonyesha nyufa kutoka juu hadi chini. Mifereji ikipakwa rangi moja na ukuta inapendeza, na hakuna mgeni atakayeihesabu.

Ila kwanza toa skatingi (ubao wa chini ya ukuta) na ufungue paneli moja kwa chini, utazame nyuma kwa tochi. Ukikuta ukungu mweusi au vipigilio vya mbao vimeoza, rangi ingoje.

Tena usichague nyeupe kali. Pasipo na mwanga wa jua, nyeupe hiyo inageuka kijivu cha hospitali. Chukua nyeupe yenye joto kidogo, na taa za LED za kelvini 2,700 hadi 3,000, yaani zenye mwanga wa umanjano.

Umeme_Minneapolis

Nyumba zilizojengwa kati ya 1965 na 1973, baadhi zilitandazwa waya za alumini. Zima breka (swichi inayokata umeme), fungua soketi moja, soma maandishi kwenye ganda la waya. Ukiona AL au ALUMINUM, usibadilishe soketi wala taa mwenyewe. Viungo vya alumini hulegea na kupata moto, vinahitaji fundi umeme anayeijua kazi hiyo.

Halafu hita. Mama kutoka nyumbani atahisi baridi chini kule, na wengi watanunua hita ya wati 1,500. Kwa volti 120 hiyo ni ampea 12.5. Breka ya ampea 15 haitakiwi kubeba zaidi ya 12 kwa saa nyingi mfululizo, na hapo hujaongeza mashine ya kukausha hewa. Itakatika usiku, au mbaya zaidi haitakatika na waya utachemka. Weka hita kwenye laini ya ampea 20 isiyo na kitu kingine, moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni. Blanketi la umeme linakula sehemu ndogo sana ya umeme huo.

Dari iache ya vigae. Juu yake kuna valvu za maji na viungo vya umeme, ukipiga bodi za jipsamu utazikata siku bomba likivuja. Chumba chako kinahitaji vigae kama 21, nunua 24. Tafuta chanzo cha madoa kabla ya kubadilisha, na kwa umri wa nyumba, kigae kimoja cha dari nacho kiende maabara. Paneli za taa za LED za futi 2 kwa 4 zinaingia kwenye fremu ileile, tatu zinatosha.

Mkaguzi_Mstaarabu

Mnapaka rangi chumba ambacho labda hakuna anayeruhusiwa kulala. Mpangaji, pima dirisha. Kanuni ya ujenzi inayofuatwa sehemu kubwa ya Marekani inataka dirisha la kutorokea: uwazi halisi wa futi za mraba 5.7 (au 5 kwa dirisha lililo karibu na usawa wa ardhi), kimo kisichopungua inchi 24, upana usiopungua 20, na kizingiti kisichozidi inchi 44 kutoka sakafuni. Ujue pia kwamba inchi 20 kwa 24 ni futi za mraba 3.3 tu, kwa hiyo kimoja lazima kizidi.

Na nunua kipimo cha radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini. Kaunti ya Franklin, ambamo Columbus imo, iko kwenye kundi la juu la ramani ya EPA, shirika la mazingira la Marekani. Funga madirisha kwa muda wa saa 12 kabla ya kupima, acha kipimo siku mbili au zaidi. Ikifika pikokyuri 4 (kizio cha mionzi) kwa lita, rekebisha.

Mpangaji_Mstaafu

Nimepima. Uwazi ni inchi 32 kwa 14, kizingiti kiko inchi 67 kutoka chini. Lakini jirani zangu wote wanalaza wageni besimenti!

Mkaguzi_Mstaarabu

Wanalaza, ndiyo. Moto ukianzia jikoni, ngazi ndiyo bomba la moshi, na mama wa miaka sabini hapiti kwenye inchi 14 zilizo juu ya kichwa chake. Kukata msingi na kuweka dirisha halali kunagharimu maelfu na kunahitaji kibali, dola 1,500 haifiki hata nusu. Mpe mama chumba cha juu, nyie au ofisi yenu mshuke chini mchana. Besimenti iwe sebule ya pili mpaka pesa ya dirisha ipatikane. Kengele za moshi na kaboni monoksidi weka hata hivyo, zile zinazounganika bila waya, ili ya juu ikilia na ya chini ilie.

NyundoNaMsasa

Naunga mkono. Hesabu yako kwa bei za kawaida za maduka: maabara sampuli tatu 150, radoni 20, mabomba ya mvua 40, mashine ya kukausha hewa 220, praima 65, rangi galoni mbili 70, brashi na teipu 40, vigae vya dari 200, taa 135, kengele 60. Hiyo ni 1,000. Inabaki 500 ya sakafu ya vinaili (plastiki) ya vipande vinavyobanana: futi za mraba 168 ongeza asilimia 10, ni 185, kwa dola 2.50 inakuja kama 460. Acha pengo la inchi 1/4 pembeni. Kama maabara itasema pana asbestosi, hiyo 460 iweke akiba ya kampuni yenye leseni itakayofanya kazi ya pembeni, na zulia la zamani libaki mahali pake msimu huu.